Faili Lililopungua Herufi Moja

Kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, Nong'ona aliwasha kompyuta, akaweka kikombe cha chai upande wa kushoto kusiko na waya, kisha akalitazama faili la jana kuona lina herufi ngapi. Elfu tisa, mia nne na kumi na mbili. Ilikuwa hivyo jana, juzi, na mwezi mzima uliopita. Akishaiona namba hiyo moyo wake ulitulia, akavua koti, akanywa funda la kwanza, akaanza kazi.

Nong'ona halikuwa jina lake. Alipachikwa na mchoraji wa ofisini wiki ya kwanza tu, kwa sababu alipoulizwa jambo alijibu kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya bomba, na humo waliandika miongozo ya mashine: pampu, cherehani, majiko, mitungi ya mvuke. Waandishi waliandika kwa kihariri cha kawaida, programu ya maandishi matupu yasiyo na rangi wala madaha. Jioni kihariri kilitoa kurasa za wavuti, na pamoja nazo kikatema faili la mitindo, yaani lile linaloamuru herufi ziwe kubwa kiasi gani, vichwa viwe rangi gani, majedwali yawe na mistari au yasiwe nayo.

Faili hilo lilitoka nene kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa pamoja. Lilijaa nafasi, mistari mitupu na maelezo ambayo hakuna msomaji angeyaona. Kazi ya Nong'ona ilikuwa kulibana. Aliondoa kila nafasi na kila mstari mtupu, akaunganisha yanayojirudia, hadi likabaki uzi mmoja mrefu usio na pa kupumulia. Watu wa nje wangesema ni kazi ya kujisumbua bure. Lakini wasomaji wao walikuwa mafundi waliolala chali chini ya mashine, simu mkono mmoja na spana mkono wa pili, na mtandao unasuasua. Kwao ukurasa mwepesi ulikuwa ukurasa unaofunguka, na ukurasa mzito ulikuwa hakuna kitu.

Asubuhi ile namba ilikuwa elfu tisa, mia nne na kumi na moja.

Nong'ona alisimama na koti lake mwilini. Herufi moja imepungua. Faili haliliwi na panya. Akaufungua ukurasa wa mwongozo ulio hewani, akashika mdomo. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango, vichwa vimepoteza rangi, na jedwali la vipimo limebomoka, namba zimeporomokea chini moja juu ya nyingine kama nguo zilizokatikiwa na kamba.

Simu ya mezani ikalia papo hapo.

"Nyie watu wa miongozo!" Fundi wa upande wa pili alizungumza kwa mwangwi, kama mtu aliye ndani ya pipa. "Niko chini ya pampu hapa, maji yananiingia sikioni. Hii sita ni ya nati au ya waya?"

"Samahani, kaka. Nipe dakika moja."

"Hata sikusikii, dada! Ongeza sauti!"

"Dakika moja!" Nong'ona alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa kelele yake ya mwaka. Akalitoa faili upya kutoka kwenye kihariri, akalibana, akalipandisha. Jedwali likasimama wima. Fundi akasoma kipimo chake, akashukuru, akarudi kwenye maji yake.

Lakini alikuwa amekwisha kumpigia bosi kwanza.

Bosi, mama mrefu aliyetembea na miwani kichwani na kalamu nyuma ya sikio, alitoka chumbani kwake. Hakupaza sauti. Alipokuwa na hasira ndipo alipozungumza polepole. "Kuna mtu anachezea faili la mitindo," alisema. "Kesho saa nne tunakaa kikao. Nataka mtu huyo aniambie mwenyewe, kabla sijamtafuta."

"Labda ni mashetani, bosi," mchoraji akasema bila kuinua macho. "Nayo siku hizi yanajua kompyuta."

"Yakija kikaoni yaje na maelezo," bosi akajibu, akafunga mlango.

Faili lile lilikuwa la Nong'ona, kila mtu alijua. Ikiwa hakuna wa kulaumiwa, basi wa kulaumiwa ni yeye. Alisubiri wenzake waende kula mchana, akafungua nakala za akiba ambazo kompyuta huzihifadhi yenyewe, na kuanza kurudi nyuma siku baada ya siku.

Herufi iliyopotea aliiona upesi: bano moja la kufungia, lililofutwa pamoja na kitu kingine jirani. Hicho kitu kingine ndicho kilichomshangaza. Ukubwa wa herufi katika faili lake ulikuwa kumi na nne. Katika nakala ya asubuhi ile ulikuwa ishirini na nne. Mtu alifuta kumi na nne, akaandika ishirini na nne, na mkono ukateleza ukalifuta na bano.

Akafungua ya jana. Ishirini na nne. Ya juzi, hivyo hivyo. Na hesabu yake haikumwonyesha kitu, kwa sababu namba zote mbili zina tarakimu mbili, uzito wake ni mmoja. Mwezi uliopita ilikuwa ishirini na mbili. Kabla ya hapo ishirini. Kabla yake kumi na nane, kisha kumi na sita, mpaka mwezi wa pili, ambapo kwa mara ya kwanza mtu aliigusa kumi na nne yake. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini au hapo karibu, mtu huyo aliikuza namba. Na kila asubuhi, saa mbili, Nong'ona alikuja na koti lake na chai yake, akabandika faili jipya juu, akamfutia.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini ofisini huwa kuna mtu mmoja tu.

Mzee Rula alikuwa mhakiki. Kabla mwongozo haujatoka aliusoma neno kwa neno na namba kwa namba, akiburuza rula ya plastiki chini ya kila mstari, rula iliyochakaa hata tarakimu zake zikafutika. Miaka ishirini na mitatu rula ile haikuwahi kuruka mstari. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele kwa kuwa alipenda kufika wa kwanza, na asubuhi alimwitikia Nong'ona salamu kwa maneno yale yale: "Marahaba, binti yangu. Umelala, au umelalia?" Nong'ona hakuwahi kujua tofauti, lakini kila mara alicheka.

Kumbe huyu ndiye anayenisahihisha, aliwaza. Miezi saba anaiona kazi yangu mbaya, na hakuniambia.

Nyumbani alimsimulia dada yake aliyekuwa ameketi kitandani akirudishia vifungo kwenye shati. Dada alikuwa kinyume chake: mdomo wake haukuwa na mlango.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nimenyamaza."

"Ndiyo maana! Wewe hata ukikanyagwa unauomba radhi mguu." Dada akakata uzi kwa meno. "Ungemwendea ukamwambia, Mzee, herufi zangu zimekukosea nini?"

"Siwezi. Ni mtu mzima."

"Anazipandisha tu? Hazishushi?"

"Anazipandisha. Mbili, kisha mbili tena. Kumi na sita, kumi na nane..."

Dada aliacha kushona. "Unamkumbuka bibi na kiti chake?"

Nong'ona alimkumbuka. Bibi yao alikuwa akifuma akiwa kando ya kabati. Kisha kiti kikasogea katikati ya chumba. Kisha karibu na dirisha. Kisha kikawa mlangoni kabisa, watu wakipita wanamruka miguu, na akiulizwa anasema amefuata upepo. Hakuna aliyeelewa mpaka siku alipomfumia mjukuu soksi moja nyekundu na moja ya kahawia, akaapa kwamba ni pacha.

"Kiti kilikuwa kinafuata mwanga," dada alisema taratibu.

Nong'ona alijiona kila asubuhi akikinyanyua kile kiti na kukirudisha kando ya kabati.

"Usilie basi. Mwambie."

"Nitamwambiaje mtu mzima kwamba haoni?"

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Bora afichuliwe na mtu anayempenda."

Kesho yake Nong'ona alifika saa kumi na mbili na nusu. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Alimwona Mzee Rula kwa ubavu, ameinama mpaka pua yake inakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Rula yake alikuwa ameibandika juu ya kioo, kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kulia kilikuwa kikitembea juu ya ule uzi mrefu wa faili lililobanwa. Kilikuwa kikitafuta. Kilifika mahali, kikapotea, kikarudi mwanzo. Midomo yake ilihesabu bila sauti.

Katika faili nene, lile lenye nafasi na mistari, angelipata neno lake mara moja, kila amri imekaa peke yake kama mtu kwenye kiti chake. Nong'ona ndiye aliyeondoa viti vyote. Na wala haikuhitajika kulifikia faili. Kulikuwa na vitufe viwili tu vya kubonyeza, ukurasa ukakua kwenye kioo chake peke yake na dunia nzima isijue. Lakini hilo lilihitaji kumwuliza mtu, na mtu huyo angeuliza kwa nini. Kijana aliyefanya kazi hii kabla ya Nong'ona aliwahi kumwonyesha mzee ile namba moja, ukubwa wa herufi hukaa hapa. Basi Mzee Rula aling'ang'ania kile alichokijua.

Nong'ona alirudi hatua mbili, akakohoa kwa nguvu, akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Rula alinyooka ghafla, rula ikaanza kufuta vumbi lisilokuwepo juu ya kioo. "Marahaba, binti yangu! Leo umelala, au umelalia? Mbona alfajiri?"

"Nimewahi tu."

"Vizuri. Anayewahi hapigwi na jua."

Nong'ona aliweka kikombe mezani. Akakisogeza. Akakirudisha.

"Mzee, ukitaka... kuna namna ya kukuza ukurasa. Vitufe viwili tu. Ukichoka, maana hata mimi macho yangu jioni huwa..."

"Macho?" Mzee Rula alicheka, kicheko kilichotoka haraka mno. "Macho yangu mimi ni ya mwewe. Wewe ndiye ujihadhari, kutwa nzima unafinya vijidudu hivyo."

"Ndiyo, Mzee."

"Chai ipo?"

"Ipo, Mzee. Nikuletee?"

"Niletee."

Ndivyo ilivyokwisha. Alimmiminia chai, akarudi mezani kwake akijichukia, akafanya alichokiweza bila mdomo. Alichukua faili nene, hakulibana. Aliongeza nafasi badala ya kuzipunguza. Herufi akaziweka ishirini na nane, nyeusi tititi, mistari ya jedwali mipana kiasi cha rula kutulia juu yake. Akalipa faili hilo jina jipya, akalifunga kwenye kurasa za uhakiki peke yake, zile zisizotoka nje ya ofisi. Faili jembamba libaki la mafundi. Hili nene liwe la msomaji mmoja. Kazi yote ilimchukua nusu saa. Kumwendea na kumwambia lipo ndiko kulikomshinda mpaka saa nne ikapiga.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza moja, viti sita na dirisha lisilofunguka. Bosi aliketi mwanzoni mwa meza, mchoraji kando yake akichora pua za watu kwenye daftari, Mzee Rula akaweka rula yake mbele kama mtu aliyeweka silaha chini. Nong'ona aliketi karibu na mlango.

"Faili la mitindo ni la nani?" bosi aliuliza.

"Langu," Nong'ona alisema.

"Sijasikia."

"Langu."

"Na nani mwingine hulifungua?"

Nong'ona alitazama meza. Akilijibu swali, anamvua mzee nguo mbele za watu. Asipolijibu, anadanganya. Alikaa katikati, hapo alipozoea kukaa maisha yake yote. Kwa pembe ya jicho aliiona mikono ya Mzee Rula ikiishika rula, ikaiachia, ikaishika tena.

Bosi alishusha pumzi. "Haya, tutalirudia. Mwongozo wa mtungi wa mvuke unatoka leo mchana, madobi wanausubiri. Mzee, umeshauhakiki?"

"Tayari, bosi."

"Tusomee jedwali la usalama, sote tulisikie. Baada ya jana sitaki mchezo."

Aliisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa imechapwa kwa herufi za kumi na nne. Mzee Rula aliweka rula chini ya mstari wa kwanza, akasafisha koo, na kusoma kwa ile sauti yake nzito iliyopendwa na wote.

"Maji yasipungue alama ya chini. Joto la kuanzia, mia moja na kumi. Vali ya usalama ifunguke shinikizo likifika nane. Ukaguzi wa muhuri, kila baada ya..."

Mchoraji alikuwa akitikisa kichwa kufuatisha mahadhi. Bosi alikuwa akiandika. Hakuna aliyekuwa na karatasi nyingine. Lakini Nong'ona jedwali lile alilipanga kwa mkono wake, na alijua kwamba mtungi wa mwaka jana ndio uliokuwa wa nane. Huu mpya ulikuwa mwembamba, na watengenezaji walikuwa wameshusha: vali ifunguke shinikizo likifika sita. Mzee hakuwa anasoma. Alikuwa anakumbuka, vizuri mno, kitu ambacho hakikuwepo tena. Na rula yake ilikuwa imelala chini ya mstari usiokuwa wenyewe.

Akilini alimwona dobi asiyemjua, mtu na mikono yake miwili, akiikaza vali hadi nane mbele ya mtungi usioweza nane.

Alisimama, ingawa katika kikao kile hakuna aliyewahi kusimama.

"Si nane, Mzee," alisema. Sauti ilitoka kubwa, ikamshtua mwenyewe. "Ni sita. Karatasini imeandikwa sita."

Kalamu ya bosi ikatua. Mchoraji aliacha pua nusu.

Mzee Rula hakuinua kichwa. Aliisogeza rula juu mstari mmoja, kisha chini miwili, akaikaribisha karatasi usoni, akaiweka mbali. Chumba kizima kilimsubiri, na Nong'ona alitamani sakafu imeze viti vyote sita.

"Wino wenyewe hafifu," mchoraji akasema kwa upole usio wa kawaida yake. "Hii mashine ya kuchapa nayo imezeeka. Mtu yeyote angeona nane."

Mlango wa kukwepea aibu ulikuwa umefunguliwa, mzee apite. Kila mtu angeafiki. Karatasi ingechapwa tena, wino ungelaumiwa, na kesho saa kumi na mbili na dakika arobaini kidole kingerudi kutafuta namba yake ndani ya ule uzi.

"Mzee," Nong'ona alisema, na sasa sauti ilikuwa imerudi kwenye kunong'ona, "nimekutengenezea kurasa zako. Zenye nafasi. Zipo tangu asubuhi. Nilishindwa tu kukwambia."

Mzee Rula alimgeukia. Alimtazama muda mrefu, akitafuta uso wake ulipo, na Nong'ona akaelewa kwamba hata uso huo sasa ulikuwa kwake herufi ndogo. Kisha akaichukua rula, akailaza katikati ya meza, mbali na mkono wake.

"Wino hauna kosa," alisema. "Wala mashetani hayajaingia kwenye faili, bosi, ni mimi. Sioni. Tangu mwezi wa pili sioni, na kila siku nafika kabla yenu ili msione kwamba sioni. Naipenda kazi hii. Nataka kubaki, ila peke yangu siwezi tena. Naomba mnisaidie."